Raia Haombi Kibali cha Kuingia Kwao

Mwishoni mwa muhula uliopita nilikuwa nikirejea Nairobi kwa basi kutoka Garissa, nilikokwenda kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kando yangu aliketi mmoja wao, kijana wa mwaka wa tatu anayesomea Kiswahili na historia, mzaliwa wa Wajir. Tulipofika kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, abiria wote tuliamriwa tushuke na kupanga foleni, vitambulisho mkononi. Zamu yangu ilipofika, nilikinyosha kitambulisho changu mbele ya afisa. Hakukitazama. Aliutazama uso wangu, kisha akaniashiria kwa kidole nirudi garini.

Nyuma yangu alikuwa yule kijana, naye akanyosha chake vivyo hivyo.

"Hii kitambulisho yako ni ya wapi?" afisa akamwuliza.

"Kitambulisho changu kilitolewa Wajir, afande," kijana akajibu kwa upole, viambishi vyote vikiwa mahali pake.

Afisa akakigeuza kile kitambulisho, akakipinda, akakikwaruza kwa ukucha. Akamwuliza jina la babu yake, jina la chifu wa lokesheni yao na shule ya msingi aliyosomea. Kijana akajibu yote, na juu ya hayo akatoa kadi ya chuo. Hapo afisa akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na barua iko wapi?" Barua gani? "Barua ya kukuruhusu kusafiri."

Msomaji mpendwa, hakuna barua ya aina hiyo katika sheria za Kenya. Nilijongea nikasema kwamba kijana ni mwanafunzi wangu. Hatimaye aliachiliwa, baada ya dakika arubaini hivi, basi zima likiwa linasubiri. Baadhi ya abiria walikuwa wakinung'unika, na manung'uniko yao hayakumlenga afisa. Yalimlenga kijana, eti kwa kuwachelewesha.

Tulipoketi tena nilianza kulalamika kwa niaba yake, naye akanituliza. "Usijisumbue, Mwalimu. Sisi tumezoea. Hiyo ndiyo pasi yetu." Nilimwuliza neno hilo amelitoa wapi, maana vijana wa rika lake hawalitumii kwa maana hiyo. Akaniambia kuwa alilirithi kwa babu yake, ambaye zamani alihitaji pasi ili kushuka na ng'ombe hadi soko la Isiolo.

Tangu siku hiyo neno hilo halijaniondoka akilini. Babu aliombwa pasi na serikali ya Mwingereza kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa. Mjukuu ameombwa pasi na serikali yake mwenyewe, bila sheria yoyote. Yawezekanaje basi sheria ife na desturi yake ibaki hai, ikitembea barabarani na kuwashusha watu garini? Na je, amri ikitolewa Nairobi au Wajir kwamba mambo yamebadilika, yatakuwa yamebadilika kweli?

Ili tupate jibu hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka wa 1902, utawala wa Kiingereza ulipitisha Sheria ya Wilaya za Pembezoni. Sheria hiyo ilimpa mtawala uwezo wa kulitangaza eneo kuwa limefungwa, asiingie mtu wala asitoke ila kwa pasi maalumu. Eneo lililoguswa zaidi ni lile lililokuja kuitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani nchi pana ya Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Mwaka wa 1934 iliongezwa Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu, iliyowapa maafisa uwezo wa kukamata watu na kutwaa mali za kabila zima ambalo wao wenyewe wamelibandika jina la adui. Mmoja akikosa, ng'ombe wa ukoo mzima huswagwa.

Mwingereza alitaka nini? Hakuitaka ardhi ile kwa mashamba, kwani mvua yake ni haba na walowezi hawakuitamani. Aliitaka iwe ukuta. Upande mmoja ilikuwapo milki ya Uhabeshi iliyokuwa ikipanuka, upande mwingine Waitaliano katika Somalia, na nyuma ya ukuta ilikuwapo reli pamoja na nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Ukuta haujengewi shule, wala haupelekewi hospitali. Huwekewa walinzi, na mlangoni huwekwa mtu wa kukagua pasi.

Eneo lile lilitumiwa pia kama jela. Harry Thuku alipokamatwa mwaka wa 1922 alipelekwa Kismayu, na baadaye akawekwa Marsabit. Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi, alizuiliwa kuanzia 1950 hadi 1961, na kwa muda mrefu alikaa Lokitaung na Maralal. Mzee Jomo Kenyatta naye alifungwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal. Waliotaka kumwona walihitaji ruhusa ya serikali. Mtu angetarajia kwamba viongozi walioonja maisha ya wilaya zilizofungwa wangekuwa wa kwanza kuzifungua. Historia inatuambia vingine.

Vyama vya kisiasa havikuruhusiwa katika eneo hilo hadi mwaka wa 1960. Wakati Wakenya wa Murang'a, Kisumu na Mombasa walikuwa wamekwisha kupanda majukwaa, kuanzisha magazeti na kuunda vyama vya wafanyakazi, mtu wa Mandera alikuwa bado anaomba pasi ya kwenda kuonana na Mkenya mwenzake. Mwaka wa 1962 tume ilipotumwa kuuliza maoni ya wakazi, wengi wao, hasa Wasomali, walisema wanataka kujiunga na Somalia. Wengi wetu tumefundishwa kulihesabu jibu hilo kuwa usaliti. Mimi naliona kuwa tokeo la sera ya miaka 60. Ukimfungia mtu mlango miaka yote hiyo, siku utakapomwuliza kama angependa kukaa nyumbani mwako, usishangae akikwambia kwamba hajawahi kuiona sebule.

Tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, siku 16 tu baadaye, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata tunaviita vita vya Shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya mnyang'anyi. Vilikwisha mwaka wa 1967 baada ya mapatano ya Arusha, lakini hali ya hatari haikwisha navyo. Ilidumu hadi Novemba 1991. Waborana wa Isiolo wana jina lao la kipindi kile ambapo watu walikusanywa vijijini kwa nguvu na mifugo ikafa au ikatwaliwa. Hukiita Gaaf Daaba, yaani wakati wa kusimama kwa mambo. Sijapata kusikia jina sahihi zaidi. Taifa zima lilikuwa likienda mbele. Wao waliamriwa kusimama.

Na ile sheria ya 1902? Ilirithiwa pamoja na samani nyingine za ofisi. Pamoja na ile ya 1934, ilibaki katika vitabu vyetu hadi mwaka wa 1997, ilipofutwa katika mageuzi yaliyotokana na mazungumzo ya vyama vya kisiasa kabla ya uchaguzi mkuu. Hesabu, msomaji: ni miaka 95, na kati ya hiyo miaka 34 ilikuwa chini ya bendera yetu wenyewe.

Ndani ya miaka hiyo 34 ndipo lilipofanyika, kuanzia Novemba 1989, zoezi la kuwachuja Wasomali wa Kenya. Raia aliyekuwa na kitambulisho halali alitakiwa afike mbele ya jopo, athibitishe kuwa ni Mkenya, kisha apewe kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Hakuna kabila jingine lililotakiwa kubeba vyeti viwili ili kuthibitisha jambo moja. Kadi zile ziliachwa baadaye, lakini desturi ya kuwatenga waombaji vitambulisho wa mipakani na kuwapeleka mbele ya kamati za uhakiki iliendelea kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo kijana wa Nyeri alipotimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu, akajaza fomu, akasubiri kitambulisho. Mwenzake wa Garissa alijaza fomu, akasubiri kamati ikutane, akasubiri wazee wamtambue, ndipo akaanza kusubiri kitambulisho. Na bila kitambulisho hakuna kura, hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna kazi ya serikali. Wala hakuna safari, kwa sababu kizuizi kiko njiani.

Haki yataka tusikilize upande wa pili. Kuna watakaosema kwamba si Kenya pekee iliyo na mambo haya, na kwamba mataifa mengi huhitaji vibali kwa raia wanaoingia maeneo ya mpakani. Ni kweli. Nchini Uchina, raia anayetaka kuingia wilaya za mpakani katika Tibet hulazimika kupata kibali cha polisi. Mfano unaotuhusu zaidi, hata hivyo, ni wa India, kwa kuwa ulibuniwa na Mwingereza yule yule. Mwaka wa 1873, miaka 29 kabla ya sheria yetu, utawala wa Kiingereza uliweka kanuni kwa mpaka wa mashariki wa Bengal. Ulichora mstari ulioitwa Mstari wa Ndani, na yeyote kutoka tambarare aliyetaka kuuvuka hadi milimani alihitaji kibali. India ilipopata uhuru mwaka wa 1947 haikuufuta. Hadi leo, Mhindi wa Delhi au Mumbai huhitaji kibali ili kuingia Arunachal Pradesh, Nagaland au Mizoram, na tangu Desemba 2019 jimbo la Manipur limeongezwa katika orodha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba huko wenyeji wengi wanakitetea kibali hicho. Manipur walikidai kwa maandamano ya miaka mingi kabla ya kupewa. Kwa nini kipendwe milimani India na kichukiwe jangwani Kenya?

Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba kule anayeombwa kibali ni mgeni. Mwenyeji wa Nagaland akiwa Nagaland haulizwi kitu. Isitoshe, kibali hutolewa na serikali ya jimbo lenyewe, iliyochaguliwa na wenyeji, na shabaha yake ni kuilinda ardhi yao dhidi ya wahamiaji walio wengi kuliko wao. Ufunguo uko mkononi mwa mwenye nyumba. Kwetu sisi ilikuwa kinyume. Pasi ilimbana mwenyeji kuliko mgeni, ilitolewa na afisa aliyetumwa kutoka mbali, na haikumlinda mwenyeji dhidi ya kitu chochote. Haikulinda malisho yake wala ng'ombe wake. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa bawabu, naye mwenye nyumba alikuwa ndani.

Hata huko India tusije tukadhani kuwa kibali ni dawa. Tangu Mei 2023 Manipur imeteketea kwa mapigano baina ya jamii zake, Wameitei na Wakuki, na kibali hakikuzuia hata nyumba moja isichomwe. Mstari unaochorwa kumzuia mtu wa nje hauwapatanishi walio ndani.

Nirudi sasa katika fani yangu, kwani mimi si mwanasheria. Mwanaisimu hufundishwa kwamba neno hubeba mzigo wa historia hata pale msemaji asipojua. Tazama neno lenyewe, kibali. Ni ndugu wa kitenzi kukubali, na katika lugha ya ibada kupata kibali ni kupendeza mbele ya mkubwa na kutazamwa kwa jicho la huruma. Kwa hiyo kibali, tangu asili, ni hisani. Anayekitoa anaweza kukinyima, na anayekipata hushukuru. Haki haiko hivyo. Haki haiombwi wala haishukuriwi, hudaiwa. Kumwambia raia aombe kibali ili apite katika nchi yake ni kuiteremsha haki kutoka kitini pake na kuiketisha sakafuni pamoja na hisani.

Tazama na neno kipande. Kuanzia miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Vikebe vile viliondoka zamani, lakini mitaani kitambulisho chetu cha leo bado tunakiita kipande. Na uhakiki wenyewe tunauitaje? Tunasema watu walichujwa, au walipigwa msasa. Yanayochujwa ni machicha ya nazi na majani ya chai, na kinachobaki katika chujio hutupwa. Kinachopigwa msasa ni ubao, nao haulalamiki. Hatukuyachagua maneno haya kwa nia mbaya. Yametutoka tu, na hapo ndipo penye ushahidi. Fikra ya kumtazama mtu wa kaskazini kama kitu cha kuchambuliwa imezama katika ulimi kiasi kwamba hatuisikii tena.

Yeye naye ametujibu kwa lugha. Yeyote aliyepita Marsabit au Moyale amewahi kumsikia msafiri akiaga kwa kusema, "Naenda Kenya." Wengi wetu tukilisikia neno hilo hucheka, na wengine hukasirika na kuuliza uzalendo uko wapi. Mimi naliona kuwa ni sentensi ya kweli kisarufi na kihistoria. Kwa miaka 95 Kenya ilikuwa mahali ambapo hufiki ila kwa pasi. Mahali pa namna hiyo, katika lugha yoyote, huitwa ng'ambo.

Na kuna methali moja ambayo ningeomba tuitumie kwa hadhari: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimeisikia ikitamkwa redioni kila panapotokea shambulio. Yafaa kwa mvuvi na kapu lake. Katika mahakama haifai, kwa sababu ndiyo sheria ya 1934 kwa ufupi.

Najua swali linalofuata. Je, mwandishi huyu anataka tuwafungulie milango magaidi? Amesahau Mandera na Garissa? Sijasahau. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi waliuawa, wengi wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Sihitaji kukumbushwa maana ya ukumbi wa mihadhara kuwa machinjioni. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka, na mpaka wetu na Somalia ni mrefu na mgumu.

Lakini tujiulize kama njia tunayoitumia inalinda. Muuaji hapangi foleni kizuizini akiwa na kadi ya chuo. Na pale kizuizi kilipogeuzwa duka la kitu kidogo, mwenye fedha hupita hata kama ana nia mbaya, na asiye nazo hushushwa hata kama hana hatia. Kizuizi kinachouza njia ni pengo katika usalama wetu. Aidha, silaha kuu ya usalama ni habari, na habari hutoka kwa wenyeji. Kijana aliyeaibishwa Jumatatu mbele ya abiria wenzake, je, atapiga simu polisi Jumanne akiona watu asiowajua kisimani?

Tukumbuke pia lililotokea karibu na El Wak, Desemba 2015. Wauaji walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Walisema kama ni kuua, wauawe wote. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Mandera, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Simfananishi hata kidogo afisa wa kizuizini na muuaji. Nasema tu kwamba wale abiria, watu wa eneo lile lile ambalo Wakenya wengine hulitilia shaka, waliamriwa kuchujana wakakataa. Walituonyesha wakiwa chini ya mtutu wa bunduki jambo ambalo sisi tunashindwa kulitenda tukiwa chini ya Katiba.

Katiba yenyewe haina utata. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata hati za usajili zinazotolewa na serikali kwa raia. Kifungu cha 24 kinakubali kwamba haki yaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru. "Kwa sheria" haina maana ya kwa mazoea, wala kwa shuku ya afisa anayetazama pua na nywele.

Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mipakani. Palikuwa na shangwe kaskazini, na palikuwa na malalamiko kwingineko kwamba wageni wangejipenyeza, na wengine wakadai kuwa zilikuwa siasa za kutafuta kura. Mimi niliupokea uamuzi ule kwa furaha. Hata hivyo, kama mtu anayeyapima maneno kwa kazi yake, niliuliza: tangazo ni nini? Ni neno la mtu mmoja. Kilichotolewa kwa saini moja chaweza kuondolewa kwa saini nyingine, au kusimamishwa na mahakama, au kupuuzwa tu na karani asiyekipenda. Haki inayotegemea tangazo bado ina harufu ya kibali. Tumempa mtu wa kaskazini hisani kubwa zaidi kuliko zote alizowahi kupewa, lakini hatujampa haki yake.

Kinachotakiwa ni sheria ya Bunge, yenye utaratibu mmoja wa vitambulisho kwa kaunti zote 47. Maswali yawe yale yale kwa kijana wa Mandera na wa Machakos, muda wa kusubiri utajwe kwa siku, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi ili aweze kwenda mahakamani. Palipo na shaka ya kweli ichunguzwe, lakini ishikwe na ushahidi juu ya mtu huyo, si juu ya mahali alikozaliwa.

Na kizuizini kuwe na daftari. Afisa akimshusha raia garini na kumzuia, aandike jina lake mwenyewe, saa, na sababu. Mambo haya matatu hayazidi mistari miwili. Afisa mwenye sababu halali hatapata taabu kuiandika. Asiye nayo atajikuta ameshika kalamu bila neno, na huenda hapo ndipo atakapojifunza kuwa ile barua aliyokuwa akiitaka haipo.

Serikali ikiyafanya hayo, bado itabaki sehemu yetu sisi wananchi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa Mei 2013, ilieleza jinsi eneo la kaskazini lilivyotengwa na kudhulumiwa kwa makusudi. Wangapi wetu tumeisoma? Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale imepunguza safari iliyokuwa ya siku kadhaa hadi ya saa kadhaa, lakini wengi wetu tunaifahamu kwa kuisikia tu. Mwalimu wa historia hufundisha kuhusu kipande cha shingoni. Na afundishe pia kuhusu pasi ya Isiolo, ili mtoto wa Kakamega ajue kwamba Mwingereza aliwafungia ndugu zake mlango, na kwamba sisi tuliuacha umefungwa.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Yule mwanafunzi wangu amerudi darasani. Juzi alinikabidhi pendekezo la tasnifu yake: anataka kuchunguza maneno ya safari katika usemi wa wazee wa Wajir. Katika orodha yake ya maneno, la kwanza ni pasi. Mbele ya kila neno ameandika maana yake na kipindi lilipotumika. Penye neno hilo ameandika, "kuanzia 1902 hadi", kisha akaacha nafasi tupu. Nilichukua kalamu nyekundu, kama ilivyo desturi yetu walimu, ili nimwambie aijaze. Nikairudisha mezani. Nafasi ile si yeye anayepaswa kuijaza.